Spana Kumi na Tatu

Walipogawa nyumba ya Baba
nikaangukiwa na chumba cha nyuma,
dirisha lake linatazama choo cha jirani.
Nikasema: kigaweni tena, mie sikitaki.
Nikenda mnadani Chake
nikanunua gari kuukuu ya wagonjwa,
injini inakohoa, sakafu imeliwa na kutu,
mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya usumba.

Wete nzima ikacheka.
Mtu mzima, talaka mbili,
na nyumba yenye magurudumu!
Sikujibu. Nilikuwa chali chini yake,
mdomoni nimebana misumari.

Kutu hukwanguliwa kwanza, ndipo ipakwe rangi.
Hilo nimelijua kwa hasara:
nilipaka juu yake, mvua moja tu,
ikafura kama upele.
Nikaanza upya, msasa, ndimu na chumvi,
msasa tena, mpaka kucha zikanuka chuma
na wali nikaula una ladha ya chuma.

Baina ya bati na mbao nikashindilia makumbi
yaliyooshwa, yakaanikwa siku tatu.
Sasa jua la saa saba linapiga hodi
na mlango halifunguliwi.
Juu ya paa nikalaza mfereji wa mwanzi,
chini yake pipa: kokoto, makaa, mchanga,
na kipande cha kanga
ambayo maneno yake yamekwisha kufutika.
Maji yanapita hapo, yanatoka kimya.

"Mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi,"
alinifunza Mbarouk, fundi redio wa Limbani,
"na fyuzi usiidharau.
Hiyo hukubali kuungua yeye
ili nyumba isiungue."
Nikawaza watu wawili watatu katika ukoo wetu.

Sheha akaja na daftari.
Nambari ya nyumba? Nikamsomea ya gari.
Mtaa? Nikamuuliza: leo, au mwezi wa karafuu?
Akafunga daftari, akaomba maji.
Akanywa gilasi, akaongeza.
"Ya bomba hili?"
"Ya mawingu."

Yote hayo niliyaweza peke yangu,
na nilipenda watu wajue kuwa peke yangu.

Ikabaki paneli ya jua.
Boliti nne. Boliti inapita paani,
nati inakazwa kwa ndani.
Nikipanda juu, nati inazunguka na boliti.
Nikishuka ndani, boliti inazunguka na nati.
Nikapanda na kushuka mara tisa.
Nikabana nati kwa koleo, koleo kwa kamba,
kamba kwenye mguu wa kitanda.
Ikazunguka vilevile, na kitanda kikasogea.

Shaame alikuwa akipita na baiskeli,
mkungu wa ndizi nyuma.
Kaka yangu, mwenye kalamu siku ile ya kugawa.
Tangu arubaini ya Baba hatujasemezana.
Akasimama. Akatazama paani.
Akaiegemeza baiskeli ukutani,
yaani, ubavuni mwa gari.

Salamu hakutoa.
Lakini mlangoni alivua viatu.

"Ngapi?"
"Kumi na tatu. Iko juu ya jiko."
Kimya kidogo, halafu sauti yake chini ya bati,
karibu kabisa na goti langu:
"Nimeshika."
"Nakaza."
"Kaza."

Ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu tukagombana:
yatosha, haijatosha, bati litapasuka,
wewe tangu mdogo hujui kuacha.
Na wewe tangu mdogo hujui kukaza.
Ya nne tulikaza bila neno,
nasikia pumzi zake zinapita kwenye tundu la waya.

Magharibi taa ndogo ikawaka, nyeupe,
nikaiona sufuria yangu kama sijapata kuiona.
Shaame keshakwenda.
Kitandani pana ndizi sita, mbivu.
Nikatafuta spana ya pili kila mahali,
chini ya godoro, ndani ya ndoo, kwenye kisanduku.

Kaondoka nayo mfukoni.

Simu ninayo, na chaji sasa imejaa.
Sikumpigia.
Mwache. Ataileta.